Lugha Ambayo Sista Hakuichagua

Fundi alikuwa na tabia ya kushika misumari kwa midomo. Akianza kupigilia kitambaa kwenye kochi, aliweka mdomoni misumari kumi na tano, kisha akawa anaitoa mmoja mmoja. Wakati huo hasemi. Ukimwuliza jambo, anakubali kwa kichwa au anakataa kwa kichwa, basi. Mkewe alizoea kuwaambia wateja, "Mume wangu ni mpole sana. Mpaka misumari iishe."

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mlikuwa na sponji, vitambaa, gundi, springi kuukuu, na kila mara kochi moja au mawili yaliyovuliwa nguo. Harufu ya gundi ilifika mpaka jikoni.

Fundi na mkewe walikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Sista tangu ana miaka mitano, kwa sababu alikuwa akiwafunga bandeji wanasesere, paka, na hata miguu ya viti vya wateja. Alipokua akawa muuguzi kweli, na jina likamkaa sawasawa. Mdogo aliitwa Bisibisi. Huyo hakuona kitu kilichofungwa asikifungue. Redio, kufuli, saa ya ukutani, cherehani ya mama yake, vyote vilipita mikononi mwake. Vingine vilirudi vizima.

Siku moja, saa tano asubuhi, Sista alirudi nyumbani kabla ya zamu yake kwisha. Aliingia karakana na sare yake ya kazi, akaketi kwenye fremu tupu ya kochi. Hakusalimu. Fundi akatema misumari mkononi.

"Vipi, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi, Baba. Wameniambia nije nipumzike."

"Upumzike nini, na ndiyo kwanza saa tano?"

Sista aliangalia mikono yake. Kisha akaeleza.

Hospitali yao ilikuwa ikipokea wagonjwa wengi kutoka nchi jirani. Wengi wao walizungumza Kifaransa tu. Mkalimani, yaani mtu wa kutafsiri mazungumzo, alikuwa mmoja kwa hospitali nzima. Asubuhi ile alikuwa chumba cha upasuaji. Wodini kulikuwa na mama mmoja mwenye homa kali. Daktari alikuwa ameagiza achomwe sindano ya dawa ya kuua vijidudu.

"Nilipomkaribia na sindano, akanishika mkono," Sista alisema. "Akatikisa kichwa. Akasema neno moja, akalirudia. Mara tatu, Baba. Mimi nikadhani anaogopa kuchomwa. Nikamtabasamia. Nikampigapiga begani, kama tunavyofanya kwa watoto. Nikamchoma."

"Ikawaje?"

"Dawa ile mwili wake haiikubali. Ana mzio nayo. Ndilo neno alilokuwa akiniambia. Uso ulivimba, pumzi ikaanza kukata. Nikapiga kelele, daktari akaja mbio. Amepona, lakini ameponea tundu la sindano."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kukaushia vyombo. Akaja, akamkumbatia. Fundi alibaki na misumari kiganjani. Alitaka kusema, "Si kosa lako." Lakini kuna jambo alilikumbuka pale pale, na jambo lenyewe lilimchoma.

Ilikuwa miaka minane nyuma. Sista alikuwa na miaka kumi na sita. Shuleni walipewa fomu ya kuchagua lugha moja ya kigeni, na mzazi alitakiwa kutia sahihi. Sista alikuwa ameweka alama kwenye Kifaransa. Alikuja na fomu mpaka hapa karakana, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Wiki hiyo Fundi alikuwa na mteja mmoja, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Mteja huyo alikuwa amemwambia habari za mpwa wake aliyesoma Kijerumani na sasa yuko Ujerumani, ana gari, ana nyumba. "Fundi, Kijerumani ndiyo habari ya mjini," alisema. Huenda alitia chumvi, huenda hakutia. Fundi hakuchunguza. Alichukua kalamu, akaikata alama ya Sista, akaweka yake kwenye Kijerumani, akatia sahihi. Hakumwuliza mtoto kwa nini amechagua Kifaransa. Mdomo ulikuwa umejaa misumari.

Sista alisoma alivyoweza. Mwaka wa pili mwalimu wa Kijerumani alihama, na mwingine hakuletwa. Wanafunzi sita walibaki na kitabu kimoja cha fotokopi. Mtaani hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye hata salamu. Akafanya mtihani, akapata alama za chini kabisa. Baadaye akaenda chuo cha uuguzi, akafaulu vizuri. Kijerumani kikayeyuka kichwani, kikabaki kuhesabu moja mpaka ishirini.

Wiki mbili baada ya tukio lile, ilifika zamu ya Bisibisi. Alikuwa amemaliza shule na alitaka kwenda chuo cha ufundi mitambo. Chuo kilikuwa na utaratibu wa kila mwanafunzi kuongeza lugha moja ya kigeni, ili imsaidie kazini. Alileta fomu mezani wakati wa chakula cha mchana.

"Kifaransa," Fundi alisema kabla hajaketi vizuri.

"Baba, sijasema kitu bado."

"Hakuna cha kusema. Umeona yaliyompata dada yako? Angejua Kifaransa yasingetokea. Wewe utasoma Kifaransa, nimekata shauri."

"Lakini mimi si muuguzi! Mimi natengeneza mashine. Mashine haiugui kwa Kifaransa."

Mama yake akacheka, akajifunika mdomo. Fundi hakucheka.

"Unanifanyia mzaha?"

"Sikufanyii mzaha, Baba. Nakuuliza tu."

Sista alikuwa amekaa pembeni. Alikuwa hajasema mengi tangu siku ile. Aliinuka, akachukua sahani yake ikiwa nusu, akatoka. Fundi alikula, lakini hakujua anakula nini.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, jirani yao alikuja kuchukua kiti chake kilichokuwa kikibadilishwa sponji. Mtaani kila mtu alimwita Mama Mkalimani. Ndiye yule yule aliyekuwa akitafsiri hospitali. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikijaribu kiti chake, akakisifu, lakini hakuondoka.

"Sista anaendeleaje?" aliuliza.

"Anakwenda kazini, anarudi. Hasemi."

"Siku ile niliitwa. Nilikuwa chumba cha upasuaji, nimevaa yale magauni yao, siwezi kutoka. Nilipofika wodini mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika." Alivua miwani, akaifuta. "Na mimi silali vizuri, Baba Sista. Usidhani ni yeye peke yake."

Fundi akavuta stuli, akaketi. Akajikuta anamweleza habari ya fomu. Hakuwahi kumweleza mtu. Alipomaliza, akasema, "Sasa huyu mdogo hataki kunisikia. Nataka nisirudie kosa."

"Unalirudia sasa hivi," Mama Mkalimani alisema.

"Kivipi? Si nimechagua Kifaransa safari hii?"

"Ndiyo hivyo. Umechagua wewe. Safari ile ulichagua kwa ajili ya mpwa wa mteja. Safari hii unachagua kwa ajili ya dada mtu. Huyu Bisibisi yuko wapi hapo?"

Fundi alishika tama. Mama Mkalimani akamwita Bisibisi, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia na kujifanya anafagia.

"Njoo, mwanangu, acha kufagia sehemu moja. Unataka kufanya kazi gani?"

"Kutengeneza mashine za kiwandani. Zile kubwa za kushona nguo."

"Vizuri. Hapo ndipo pa kuanzia. Kazi kwanza, lugha baadaye. Watu wengi wanaanza na lugha, wanauliza, 'Lugha gani ina pesa?' Hakuna lugha yenye pesa. Pesa iko kwenye kazi. Lugha ni kama nyundo ya baba yako. Nyundo peke yake haitengenezi kochi, lakini fundi wa makochi bila nyundo atapigilia kwa nini? Meno?"

"Yeye angeweza," Bisibisi alisema, na hata Fundi akatabasamu.

"Mimi nimesomea kutafsiri miaka mingi," Mama Mkalimani aliendelea. "Kwangu lugha ndiyo kazi yenyewe. Lakini watu kama mimi ni wachache. Wengi wanahitaji lugha ya kuwasaidia kwenye kazi nyingine. Sasa niambie, mafundi wa mashine hizo wanakutana na lugha gani kila siku?"

Bisibisi alifikiri. "Sijui."

"Baba yako je?"

"Sijui," Fundi alikiri.

"Na mimi sijui. Basi msichague leo. Nendeni mkawaulize wanaoifanya kazi hiyo. Si mteja wa kochi, si mimi. Wao. Waulizeni vitabu vya mashine vimeandikwa lugha gani. Wanapiga simu kwa nani mashine zikiharibika? Nani ameajiriwa pale karibuni, na alijua nini cha ziada? Someni na matangazo ya kazi. Halafu ulizeni chuoni, huyo mwalimu wa lugha yupo kweli, au yupo kwenye karatasi tu? Na kuna watu wa kuzungumza nao? Lugha isiyosemwa na mtu hukauka."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikumbuka kile kitabu cha fotokopi.

"Kijerumani basi ndicho kilichomponza mwanangu," alisema.

"Hapana! Usikisingizie. Kijerumani hakina kosa lolote. Kuna wauguzi wanakisoma wanakwenda kufanya kazi huko, na wanafanikiwa. Sista alitaka kwenda huko?"

"Hakutaka. Alitaka kukaa hapa, ahudumie watu wa hapa."

"Alikwambia?"

"Sikumwuliza," Fundi alisema.

Jumatatu yake Fundi alifunga karakana, akaenda na Bisibisi kwenye kiwanda cha kushona nguo. Walikaa getini saa nzima mpaka mkuu wa mafundi akatoka. Alikuwa mtu mnene, mikono imejaa grisi, akawapa kiwiko wamsalimu.

"Binti anataka kazi hii?" aliuliza. "Haya, ingieni mjionee. Msiguse kitu."

Bisibisi aliweka mikono mfukoni ili isimponze. Ndani mashine mia na zaidi zilikuwa zikishona kwa pamoja, na ilibidi watu waseme kwa sauti ya juu. Mkuu wa mafundi aliwapeleka chumba cha vipuri, akafungua kabati.

"Mmeuliza vitabu. Hivi hapa." Akaweka mezani kitabu kinene. "Sehemu ya Kiingereza ni kurasa kumi na mbili. Inakwambia jinsi ya kuwasha, jinsi ya kuzima, usiweke kidole. Sehemu ya Kichina ni kurasa mia mbili. Humo ndimo ulimo ufundi wote. Sisi tunatazama picha tu."

"Na zikiharibika sana?" Bisibisi aliuliza.

"Tunapiga simu zilikotengenezwa. Mwaka jana alikuja mhandisi wao kutufundisha, akakaa siku kumi. Alijua Kiingereza kidogo, na sisi Kichina hatujui. Tukawa tunaongea kwa mikono. Mambo niliyoelewa siku zile kumi, mtu anayejua lugha angeyaelewa siku mbili." Alifunga kabati. "Fundi mzuri nitampata. Fundi mzuri anayesoma kitabu hiki sijampata bado."

Njiani walipita chuoni. Waliambiwa kwamba Kichina kina walimu wawili, na kwamba kabla ya kujiandikisha mtu anaweza kuhudhuria wiki tatu za majaribio. Fundi alitaka kumaliza mambo siku hiyo hiyo, lakini safari hii alijizuia. Alimgeukia Bisibisi.

"Unaonaje?"

Bisibisi alimtazama kama aliyesikia sauti ya mtu mwingine.

"Nataka nijaribu hizo wiki tatu kwanza. Wanasema ni kigumu. Kama siwezi kukivumilia, bora nijue mapema."

"Sawa," Fundi alisema. "Ukishajua, utaniambia."

Alivumilia. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba neno moja lina sauti nne, na kila sauti ina maana yake. Wiki ya pili alikuwa akiimba maneno hayo jikoni mpaka mama yake akamfukuza. Wiki ya tatu alijaza fomu mwenyewe. Fundi aliisoma, akatia sahihi bila kugusa kitu kingine.

Lakini bado kulikuwa na deni lingine moyoni mwake. Jumapili moja mchana alimkuta Sista anapiga pasi sare yake. Alisimama mlangoni.

"Sista."

"Naam, Baba."

"Ile fomu yako ya shule. Nilikata ulichochagua."

Sista aliendelea kupiga pasi. "Nilidhani umesahau."

"Nilikuwa nimesahau. Ndicho kinachoniuma zaidi." Aliingia ndani. "Kwa nini ulitaka Kifaransa?"

"Shule yetu ilikuwa jirani na hospitali. Nilikuwa nawaona wale wagonjwa kwenye benchi la nje. Mtu anaongea, hakuna anayemjibu." Aligeuza sare upande wa pili. "Siku ile nilisimama pale karakana nikikusubiri uniulize. Nilingoja mpaka misumari ikaisha mdomoni. Ukachukua mingine."

Fundi alihisi machozi. Hakuyafuta.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilishakusamehe zamani. Lakini usiniambie kwamba hakuna kilichopotea, Baba. Kimepotea. Ningekuwa nimekizoea kufikia sasa. Yule mama angenishika mkono, nami ningemwelewa."

"Sitakwambia hivyo," Fundi alisema. "Kimepotea, na mimi ndiye niliyekipoteza."

Sista aliweka pasi wima. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alimtazama baba yake machoni.

"Mama Mkalimani amesema atanifundisha siku zangu za mapumziko," alisema. "Nimemwambia nimechelewa. Amesema nimechelewa, ni kweli, lakini wodi bado ipo."

Haikuwa rahisi. Bisibisi alikuwa na asubuhi nzima za kusoma na kichwa kisichochoka. Sista alikuwa na zamu, miguu iliyovimba na usingizi. Alijifunza Kifaransa kwa vipande vipande. Hakuanza na salamu wala hadithi za kitabuni. Alianza na maswali ya wodini. Unaumwa wapi? Tangu lini? Una mimba? Kuna dawa inayokudhuru? Aliyaandika kwenye kadi, akazibandika kabatini, mlangoni, mpaka kwenye kioo. Fundi alikuwa akinyoa ndevu huku akiulizwa kama ana mimba.

Baada ya mwaka mmoja na zaidi, kulikuwa na mabadiliko ya kuonekana. Bisibisi alichukuliwa kiwandani kwa mafunzo ya kazi, na mkuu wa mafundi akampa kile kitabu kinene ashinde nacho. Alikuwa hajui kukisoma chote. Alisoma robo ya ukurasa kwa siku. Hata hivyo, mashine mbili zilizokuwa zimeachwa kama vyuma chakavu zilianza kushona tena.

Naye Sista, siku moja wodini, alimwuliza mzee mmoja kama kuna dawa inayomdhuru. Mzee akajibu kwamba ipo, akaitaja. Sista akamwita daktari, dawa ikabadilishwa. Hilo tu. Hapakuwa na mbio wala kelele. Alipolisimulia nyumbani alilisema upesi upesi, akaomba chumvi. Lakini mama yake aliona chumvi iko mbele yake.

Mwishoni mwa mwaka ule Sista alikwenda kufanya mtihani wa kwanza wa Kifaransa, ili hospitali itambue kiwango chake. Fundi aliomba amsindikize. Mtihani ulifanyika katika shule moja, na wengi waliokuja kuufanya walikuwa watoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita. Sista aliingia pamoja nao, mrefu kuliko wote, na begi lake la kazini begani.

Nje kulikuwa na benchi la wazazi. Baba mmoja aliyeshika funguo za gari alimsogelea Fundi.

"Na wewe umeleta mtoto? Yuko kidato cha ngapi?"

"Ni muuguzi. Ana miaka ishirini na mitano," Fundi alisema. "Yuko mle ndani kwa sababu yangu."

"Hongera sana, mzee! Wazazi wa kuwasukuma watoto namna hiyo tumebaki wachache. Mimi wangu nimemwambia Kifaransa atake asitake. Yeye ana mambo yake ya Kiarabu, eti anataka kufanya biashara na watu wa huko. Nikamwambia, mtoto, nyamaza, mimi ndiye najua."

Fundi aliangalia mlango wa chumba cha mtihani. Ulikuwa umefungwa. Ilikuwa rahisi kuitikia kwa kichwa, akubali ile hongera, wakae kimya mpaka watoto watoke.

"Hapana, ndugu yangu," alisema. "Hukunielewa. Mimi sikumsaidia. Angekuwa ameufanya mtihani huu miaka minane iliyopita, na watoto wa rika lake."

"Kwani ilikuwaje?"

Fundi alijisogeza pembeni, akampisha nafasi kwenye benchi.

"Kaa," alisema. "Nikueleze kabla wako hajatoka."